Toyota 5A-FE, 4A-FE na 7A-FE: vipimo, magonjwa ya kawaida na jinsi ya kuyatibu

Injini hizi tatu zilibeba Corolla, Sprinter, Carina, Corona, Caldina na Spacio za miaka ya 1990, na nyingi bado zinakimbia. Kinachoziangusha mara nyingi ni raba iliyokauka, joto, na vifaa vinavyobadilishwa bila kupimwa. Kwa sababu hiyo, magonjwa mengi hapa chini yameandikwa pamoja na kipimo chake. Pima, kisha ununue.

Kuitambua uliyonayo

Fungua boneti, tafuta kibati kilichopigwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. AE100 na AE110 zilitoka kiwandani na 5A-FE, AE101 na AE111 na 4A-FE. Kwa upande wa Carina na Corona, AT190 ni 4A, AT192 ni 5A, na AT191 ni 7A, sawa na Caldina. Spacio ya AE115 nayo ni 7A. Lakini kibati kinaeleza gari lilivyozaliwa tu. Gari la umri huu huenda limeshabadilishwa injini mara moja au mbili, kwa hiyo kabla ya kuagiza gasketi au mkanda soma namba iliyochongwa kwenye bloku lenyewe.

Tarakimu ya kwanza ni toleo ndani ya familia ya A. F ni hedi yenye valvu zilizopangwa kwa pembe nyembamba, iliyobuniwa kubana matumizi ya mafuta. E ni mfumo wa nozeli unaoendeshwa na kompyuta.

- 5A-FE: cc 1498, kipenyo cha silinda 78.7 mm, safari ya pistoni 77.0 mm, kompresheni 9.8:1
- 4A-FE: cc 1587, 81.0 × 77.0 mm, 9.5:1
- 7A-FE: cc 1762, 81.0 × 85.5 mm, 9.5:1

Zote zina bloku la chuma cha kusubu, hedi ya aluminiamu, valvu 16 na kamshafti mbili. Mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti moja, na hiyo inaizungusha ya pili kwa gia zilizo ndani ya hedi. Nguvu ni kati ya farasi 100 na 120 kwa matoleo ya Japani.

Hesabu hizo zina maana unapokuwa dukani. 5A na 4A zinalingana safari ya pistoni lakini hazilingani kipenyo, hivyo gasketi ya hedi ya 5A haifai kwenye 4A: tundu lake ni dogo, ukingo wake utachomoza ndani ya silinda na kuungua. 7A ina kipenyo cha 4A lakini bloku lake ni refu zaidi kwenda juu. Usikubali kauli ya "zote ni A, zinaingiliana."

Namba za kuweka ukutani

Namba hizi ni za matoleo ya miaka ya 1990. Matoleo ya mwishoni mwa miaka ya 1980 yana tofauti ndogondogo, hasa kwenye bolti za hedi na nafasi ya valvu za ekzosi.

- Mpangilio wa kuwaka: 1-3-4-2. Silinda namba 1 iko upande wa mikanda.
- Taimingi ya msingi: nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, TE1 na E1 (matundu ya kisanduku cha DIAGNOSIS, kinaelezwa chini) zikiwa zimeunganishwa.
- Kompresheni ya silinda: kipya karibu psi 190, mwisho wa kuvumilika psi 142. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14.
- Presha ya oili, injini ikiwa moto: psi 36 hadi 71 kwenye mizunguko 3000.
- Presha ya petroli, hozi ya vakyumu ikiwa imechomolewa kwenye regyuleta: psi 38 hadi 44.
- Thamostati inaanza kufunguka kati ya 80 na 84 °C.
- Nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi: intake 0.15–0.25 mm, ekzosi 0.25–0.35 mm.
- Plagi: 18 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia).
- Bolti ya puli ya krenkshafti: 118 Nm. Bolti ya puli ya kamshafti: 59 Nm. Tenshena: 37 Nm.
- Kepu za kamshafti: 13 Nm. Nati za kava ya valvu: karibu 6 Nm tu.
- Bolti za hedi: 29 Nm, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena.

Oili ni takriban lita 3 kwa 5A na 4A pamoja na filta, na lita 3.7 kwa 7A. Mimina pungufu kidogo, washa dakika moja, zima, subiri ishuke, kisha malizia kwa kufuata dipstiki. Oili iliyozidi hupigwa na krenkshafti ikawa povu, na povu halilainishi kitu.

Soma kodi kabla ya kushika spana

Magari haya mengi hayahitaji mashine ya kusomea. Ndani ya boneti kuna kisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, na chini ya kifuniko kuna mchoro wa matundu. Zima swichi. Chukua kipande cha waya uunganishe TE1 na E1. Washa swichi bila kupiga stata, AC ikiwa imezimwa na mguu ukiwa mbali na pedeli ya mafuta. Sasa tazama taa ya injini kwenye dashibodi.

Ikipepesa haraka na kwa usawa bila kukoma, kompyuta haina lalamiko. Ikiwa na kodi, itapepesa kwa makundi. Mipepeso mitatu, kituo kifupi, kisha mpepeso mmoja, ni 31. Kodi zikiwa kadhaa, zinatoka kwa kufuata udogo wa namba, na kati ya moja na nyingine kuna kituo kirefu zaidi.

Kodi 12 na 13 ni ishara ya mzunguko kutoka kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. 14 ni ishara ya ignaita (kifaa kinachokata na kuwasha umeme wa koili) inayorudi kwa kompyuta. 21 ni sensa ya oksijeni, 22 joto la maji, 24 joto la hewa inayoingia, 31 sensa ya vakyumu, 41 sensa ya throto, 42 mwendo wa gari, 52 sensa ya kugonga kwa injini (knock). 51 inatokea pia ukiwa umeacha AC imewashwa au umekanyaga pedeli, kwa hiyo isikutie presha.

Kodi inataja njia nzima: sensa, waya na plagi ya waya. Kwenye gari la zaidi ya miaka 25, plagi ya waya iliyoshika kutu ya kijani ina nafasi kubwa ya kuwa mkosaji kuliko sensa. Isafishe, kisha ufute kumbukumbu: zima swichi, chomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15 kwa zaidi ya sekunde 10, irudishe, endesha gari, usome tena.

Injini inamisi

Mtindo wa kumisi una lugha yake. Inayomisi asubuhi au wakati wa mvua peke yake inakuelekeza kwenye waya za plagi na kifuniko cha distributa. Inayomisi ikibeba mzigo mlimani mara nyingi ina plagi zilizochoka au waya wenye ukinzani mkubwa. Inayozima ghafla ikiwa moto, ikakataa kuwaka, kisha ikawaka vizuri baada ya nusu saa, shuku ignaita au koili.

Anza kwa kuchomoa waya moja moja na kumulika tochi ndani ya matundu ya plagi. Ukikuta oili imetuama, umeshapata jambo la kwanza. Raba zinazozunguka matundu hayo chini ya kava ya valvu zimekuwa ngumu kama plastiki, oili inapenya, inalainisha kofia ya waya hadi inapasuka, na umeme unatafuta njia fupi kwenda kwenye hedi. Ukibadilisha plagi na waya ukaacha raba zile, baada ya miezi michache utarudi palepale. Nyonya oili kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, la sivyo itamiminikia ndani ya silinda.

Gasketi ya kava yenyewe haitaki nguvu. Safisha kingo mbili kwa petroli kidogo, weka silikoni nyembamba pembeni tu, pale kepu ya mbele ya kamshafti inapokutana na hedi, na funga nati polepole kwa kubadilishana. 6 Nm ni nguvu ya kifundo cha mkono. Anayekaza kwa spana ndefu anapinda kava, na kava iliyopinda itavuja hata ukiwekea gasketi mpya kila mwezi.

Kila waya ya plagi isizidi kilo-omu 25 ukipima kutoka ncha hadi ncha. Pima huku ukiukunja kunja, maana mwingine unasoma vizuri ukiwa umenyooka tu. Kwa plagi, namba iliyo kwenye boksi inaeleza nafasi: plagi za NGK na Denso zinazoishia na 11 zina 1.1 mm, na zile za kawaida za injini hizi zisizo na 11 ni 0.8 mm. Usibane plagi ya 1.1 iwe 0.8 au kupanua ya 0.8 kuwa 1.1. Nunua inayotakiwa.

Distributa nyingi za familia hii zimebeba koili ndani yake. Kwenye koili baridi, upande wa msingi unasoma omu 1.11 hadi 1.75, na upande wa umeme mkubwa kilo-omu 9.0 hadi 15.7. Fungua kifuniko, tazama ndani: mstari mweusi mwembamba kama nywele kutoka pini moja hadi nyingine ni njia ambayo umeme umejichorea, na kifuniko hicho hakisafishiki, kinatupwa. Ukikuta oili ndani ya kifuniko, sili ya shafti ya distributa imekwisha. Oili ikiwa nje tu, inachuruzika juu ya gia boksi, ni oringi inayokaa kati ya distributa na hedi. Hiyo ni kazi ya robo saa. Chora alama ya tindo kwenye mwili wa distributa na hedi kabla ya kuichomoa, usiguse krenkshafti, na ukirudisha rudi kwenye alama.

Baada ya hapo pima taimingi. Injini iwe moto, TE1 na E1 ziunganishwe, taa ya taimingi ishikwe kwenye waya wa silinda namba 1. Zungusha distributa hadi alama ya puli isimame kwenye 10, kaza, kisha utoe waya. Bila kuunganisha TE1 na E1 kompyuta inaendelea kusogeza taimingi yenyewe, na unachokiona hakina maana. Hapa ndipo magari mengi yanapopoteza nguvu: taimingi iliwekwa kwa masikio.

Sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka

Injini isiyotulia gari likiwa limesimama, inayopanda hadi 1500 na kushuka kama inahema, karibu kila mara inavuta hewa isiyohesabiwa. Kompyuta inaambiwa na sensa ya throto kwamba mguu haupo kwenye pedeli, lakini inaona mzunguko uko juu. Inakata petroli. Mzunguko unaanguka, petroli inarudi, mzunguko unapanda, na mchezo unaanza upya.

Fuata mpangilio huu.

1. Tazama maji ya rejeta kwanza. Maji ya moto yanapita chini ya throto, kwenye valvu ya sailensa. Yakipungua au yakiwa na hewa, sailensa nayo inayumba, na utahangaika na throto bure.
2. Injini ikiunguruma, nyunyiza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye hozi zote za vakyumu, gasketi ya intake na oringi za nozeli. Mahali ambapo mlio unabadilika ndipo hewa inapoingilia. Weka kizima moto karibu, usinyunyize karibu na ekzosi.
3. Chunguza hozi nyembamba inayokwenda kwenye sensa ya vakyumu. Hii ndiyo inayoiambia kompyuta injini inabeba mzigo kiasi gani. Ufa mdogo hapo unaifanya injini inywe petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, hata kama sensa yenyewe ni nzima.
4. Fungua throto bodi, safisha masizi kwa mswaki laini, kisha valvu ya sailensa iliyo chini yake. Tumia gasketi mpya kuifunga.
5. Pima sensa ya joto la maji inayotumikia kompyuta, ile yenye pini mbili. Yenye pini moja ni ya geji ya dashibodi, usizichanganye. Kwenye 20 °C isome kilo-omu 2 hadi 3, kwenye 80 °C omu 200 hadi 400. Inayosema uongo kwamba injini ni baridi itakula petroli safari nzima.

Kuna skrubu ndogo kwenye throto inayozuia kipepeo kufunga kabisa, mara nyingi imepakwa rangi kiwandani. Usiiguse. Ukiizungusha kupandisha sailensa, sensa ya throto haitambui tena kwamba mguu umetoka, na umeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mkanda wa taimingi

Muda wake ni kilomita 100,000. Kama umenunua gari na hujui ulibadilishwa lini, uhesabu kama haujabadilishwa. Habari njema ni kwamba kwenye injini hizi mkanda ukikatika pistoni hazifikii valvu, kwa hiyo unabaki njiani lakini hedi inapona. Usilichukue hilo kama ruhusa ya kungoja. Mkanda huchagua mahali pabaya pa kukatikia.

Andaa mkanda wenyewe kwa namba ya injini yako, beringi ya tenshena, springi yake, sili ya mbele ya krenkshafti na sili ya kamshafti. Pampu ya maji haizungushwi na mkanda huu, inazungushwa na mkanda wa nje wa altaneta.

1. Chomoa waya hasi wa betri. Inua mbele kulia, weka stendi, toa tairi na kinga ya chini.
2. Legeza na utoe mikanda ya nje. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi.
3. Toa kava ya valvu. Weka jeki yenye ubao chini ya sampu kubeba injini, kisha ufungue maunti ya kulia.
4. Zungusha krenkshafti kwa kufuata saa hadi mchirizi wa puli ulingane na 0 kwenye kava ya chini. Tazama puli ya kamshafti: lina tundu dogo, na tundu hilo linapaswa kuonyesha alama iliyo kwenye kepu ya kwanza. Kama halionekani, zungusha krenkshafti duara moja kamili. Hakikisha kwa mkono: vikombe vya valvu za silinda namba 1 viwe vinacheza kidogo, vyote vinne.
5. Fungua bolti ya puli ya krenkshafti, vuta puli, kisha toa kava za plastiki na bamba la kuongoza mkanda. Kumbuka bamba lilivyotazama.
6. Legeza bolti ya tenshena, isukume upande wa kulegeza, ikaze kwa muda, utoe mkanda.
7. Sasa angalia unyevunyevu. Oili nyuma ya giya ya krenkshafti ni sili ya krenkshafti au ya pampu ya oili. Ikiwa juu, ni ya kamshafti. Badilisha sasa, maana oili ndiyo inayoua mkanda mpya kabla ya wakati wake. Sili mpya ipake oili kwenye mdomo, isukumwe sawasawa kwa bomba la kipenyo chake hadi iwe sawa na ukingo.
8. Alama ya giya ya krenkshafti ilingane na alama kwenye mwili wa pampu ya oili. Alama ya kava haipo tena, kwa hiyo hii ndiyo ya kufuata.
9. Vika mkanda kuanzia krenkshafti, ukivuta upande usio na tenshena uwe umenyooka kabisa, kisha puli ya kamshafti. Legeza bolti ya tenshena, springi ifanye kazi yake.
10. Zungusha krenkshafti duara mbili kamili kwa spana, polepole, kwa kufuata saa. Ukikutana na kizuizi, simama. Angalia alama zote upya. Zikilingana, kaza tenshena kwa 37 Nm. Ukibonyeza upande ulionyooka kwa nguvu ya kilo 2, mkanda uzame 5 hadi 6 mm.
11. Rudisha bamba, kava na puli. Bolti ya puli ya krenkshafti ikazwe 118 Nm. Isiyokazwa vizuri inaacha puli icheze, inakula ufunguo na shafti, na hapo umehama kutoka kazi ya mkanda kwenda kazi ya krenkshafti.

Jino moja likikosewa, injini itawaka lakini itakuwa nzito na sailensa itakuwa mbovu. Wengi hapo huzungusha distributa kuficha kosa. Toa mkanda, urudie hatua ya 8 hadi 10.

Inakula oili

Kwanza hakikisha oili haivuji. Distributa, kava ya valvu na sili ya krenkshafti zinatosha kumaliza lita moja bila moshi wowote.

Kama ni moshi wa bluu, tazama unatoka lini. Ukitoka wingu moja asubuhi injini inapowashwa, au unapokanyaga mafuta baada ya kusimama kwenye foleni, ni sili za valvu: raba zimekauka na oili inateremka kwenye vijiti vya valvu. Ukitoka mfululizo unapokanyaga na kupanda mlima, ni ringi. Kwenye injini hizi ringi za oili hukwama kwa masizi hasa pale oili ilipokuwa ikicheleweshwa kubadilishwa.

Kutofautisha kwa kipimo: pima kompresheni injini ikiwa moto, plagi zote zikiwa nje, throto ikiwa wazi, fyuzi ya EFI ikiwa imechomolewa na waya mdogo wa distributa nao umechomolewa. Andika namba nne. Kisha mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye silinda iliyo chini, upime tena. Ikipanda wazi, ringi au silinda imelika. Isipopanda, tazama valvu na gasketi ya hedi. Lakini ujue kikomo cha kipimo hiki: ringi ya oili inaweza kukwama huku ringi za juu zikiwa nzima, kompresheni ikatoka nzuri na injini bado ikala oili.

Kabla ya kuzungumzia ovaholi, toa valvu ya PCV (inayotoa presha ya ndani ya injini kwenda intake) kwenye kava, itikise. Isipolia kwa ndani, imeziba. Presha ya ndani inasukuma oili kwenye kila sili na kwenye intake. Ni kifaa kidogo kuliko vyote na kinaachwa kuliko vyote.

Kupandisha uzito wa oili hadi 20W-50 kunapunguza moshi kwa muda. Hakuponyi sili, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika kwenye kamshafti.

Inachemsha

Kuchemsha mara moja kwa ukali kunatosha kupinda hedi ya aluminiamu. Geji ikipanda, zima AC, simama, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto.

Feni ya magari haya ina hila inayowachanganya wengi. Kwenye matoleo mengi swichi ya feni imefungwa ikiwa baridi na inafunguka kwenye karibu 93 °C, na kufunguka huko ndiko kunakowasha feni. Kwa hiyo washa swichi ya gari, chomoa plagi ya waya ya swichi ya feni: feni inapaswa kuzunguka hapohapo. Ikizunguka, mota, rilei na fyuzi ni nzima, na swichi ndiyo ya kushukiwa. Isipozunguka, rudi kwenye fyuzi, rilei na mota. Anayeunganisha waya mbili za swichi hiyo pamoja akidhani atawasha feni anaizima kabisa.

Angalia mkanda wa altaneta. Ukikatika, taa ya betri inawaka, na watu wanaendelea kuendesha wakidhani ni chaji tu, kumbe pampu ya maji nayo imesimama.

Thamostati usiitupe. Ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka angalau 8 mm. Injini isiyo na thamostati haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kipini kidogo kinachocheza pembeni mwa thamostati kitazame juu ili hewa itoke.

Maji yakipungua bila kuonekana yanakokwenda, moshi mweupe ukitoka hata injini ikiwa moto, au mapovu yakipanda rejeta injini ikiwashwa, ni gasketi ya hedi. Ukishatoa hedi, weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu na kwa mshazari, pitisha fila geji chini yake. 0.05 mm ndicho kikomo. Ikizidi, hedi inakwenda kusawazishwa kwenye mashine. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kazi ya wiki mbili. Bolti za hedi zina urefu wa aina mbili, zipange kwenye kadibodi ulikozitoa. Kaza kuanzia katikati kwenda nje.

Nafasi ya valvu, na kimya kinachodanganya

Injini hizi hazina vikombe vya haidroliki. Kuna simu (shim, visahani vya chuma) za duara juu ya vikombe, na unene wake umechapwa upande wa chini. Watu huogopa kelele ya tik-tik, lakini valvu za ekzosi mara nyingi zinakwenda upande wa pili: zinazama kwenye kiti chake, nafasi inapungua, injini inakuwa kimya kabisa, kisha valvu inakosa muda wa kufunga na inaungua.

Simu mpya inatafutwa hivi: unene wa zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Tuseme valvu ya ekzosi imesoma 0.18 na simu yake ni 2.80. Unataka 0.30. Basi 2.80 + 0.18 − 0.30 = 2.68. Simu zinauzwa kwa hatua za 0.05, kwa hiyo chukua 2.70, na nafasi itakuwa 0.28. Pima zote 16 na uandike kabla ya kununua hata moja, kwa sababu simu iliyotoka kwenye valvu moja mara nyingi inafaa nyingine.

Ukilazimika kutoa kamshafti, ile inayozungushwa kwa gia ina gia pacha yenye springi. Funga gia hizo pamoja kwa bolti ya M6 kabla ya kulegeza kepu. Kepu zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, kamshafti iinuke ikiwa sawa. Ikiinuka upande mmoja hupasua hedi pale inapokalia.

Yenye maandishi ya Lean Burn

Baadhi ya Carina, Corona na Caldina zina 4A au 7A iliyoandikwa Lean Burn kwenye kava. Hizi huchoma mchanganyiko wenye petroli kidogo sana, kwa hiyo hazisamehi umeme dhaifu. Zikianza kushtukashtuka kwenye mwendo wa kati, anza na plagi za aina yake hasa, waya na kifuniko cha distributa, kabla ya kuishuku kompyuta. Zina vipepeo vya ziada kwenye intake na sensa ya presha ya kuwaka. Ukibadilisha injini kwa ile ya kawaida, hamisha kompyuta na waya zake pia, la sivyo haitatulia kamwe.

Stata inazunguka, injini haiwaki

Chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya ziada, igusishe kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ikikosekana na kodi 12 au 14 ikiwepo, kazi iko kwenye distributa. Cheche zikiwepo, unganisha FP na B+ kwenye kisanduku cha DIAGNOSIS na uwashe swichi: pampu ya petroli isikike kwenye tangi na hozi ya kurudishia iwe na presha ukiibana kwa vidole. Pampu ikilia hapo lakini ikawa kimya unapopiga stata, pampu ni nzima, na tatizo ni rilei au ishara inayoiwasha. Lakini cheche zikikosekana na injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mzigo, kabla ya kugusa distributa fungua kifuniko cha oili umulike tochi ndani wakati stata inapigwa. Kamshafti ikiwa imetulia tuli, mkanda umekatika.